Kipimo cha Pawaga

Liberatus Kalinga alikuwa Mhehe wa Pawaga, na mimi Mngoni, mtani wake, sijapata kuona kichwa kigumu kama kile. Tulikuwa askari polisi Mbeya, mwaka 1954. Mkewe Lusia alibaki Pawaga, bondeni chini ya Iringa, kwenye joto. Kalinga hakuwa na wimbo mwingine. Akiota moto jikoni, anaanza kusimulia jua la kwao.

Kila mwaka tulishindana shabaha juu mlimani, yadi mia sita, na mshindi alichagua kituo cha kuhamia. Kalinga alikuwa hodari kuliko sote, lakini risasi zake zilipita shibiri nzima juu ya duara jeusi.

Sajini Zubery alimwita kando. "Kalinga, huku juu hewa nyepesi. Haiizuii risasi kama ile nzito ya kwenu bondeni. Shusha kipimo cha bunduki yako."

Kalinga akakataa. Alama ya kipimo kile aliikwaruza mwenyewe Pawaga, siku ya kuagana, Lusia amekaa kwenye jiwe na mtoto mgongoni.

"Mwacha asili ni mtumwa, afande," alisema.

"Mhehe wewe!" nikamcheka. "Kwani Lusia anaishi ndani ya bunduki?"

Macho yake yalijaa machozi, nikaona aibu.

Mwaka uliofuata akakosa tena. Haukupita muda, Lusia akamtuma dereva wa lori: "Mwambie Baba Matilda, mtoto sasa anamwita babu yake baba."

Kalinga hakula siku ile. Shindano lilipofika alilala kifudifudi kwenye nyasi, akaitazama ile alama, kisha akakishusha kipimo chini yake. Ili arudi Pawaga ilibidi aiache kwanza. Risasi zote zikaingia kwenye duara jeusi.

Akachagua kwao, nami nilimtembelea huko baadaye. Alinisimulia kwamba siku ya kwanza wazee walimwekea kibuyu ng'ambo ya mto, mbali, waone shabaha ya Mbeya. Akafyatua, vumbi likatimka chini ya kibuyu. Lusia alicheka hadi akashika mbavu: "Huko baridini wamekuharibu, Baba Matilda!"

Alipokuwa akisimulia, Matilda alitokea mlangoni. Kalinga akamnyooshea mikono. Mtoto akamtazama, akakimbilia kwa babu yake.

"Kipimo nilikipandisha palepale, mtani," Kalinga aliniambia, mikono bado hewani. "Huyu ndiye sijui nianzie wapi."