Boma la Mjerumani Jirani na Mwaya

Enzi zile za ruksa, sisi tuliokulia jirani na Mwaya tulicheza kombolela ndani ya boma la Mjerumani, ngome ya mpakani iliyobakiwa na kuta nne na nyasi. Watoto wa leo wanacheza kwenye simu, sijui wanajificha wapi. Sisi tulikalia ukuta tukila mapapai na kuwatupia mbegu ng'ombe wa watu, mpaka Bibi atokee na fimbo.

Bibi hakuwa anatufuata sisi. Baba yake alilazimishwa kufyatua tofali za boma lile, kisha akachukuliwa kubeba mizigo ya vita, asirudi tena. "Tata hana kaburi," alituambia. "Nikitaka kumlilia baba yangu, nakuja hapa." Aligusa tofali, akakaa kidogo, akarudi zake nyumbani.

Ndipo biashara huria ikatupandisha wazimu. Kila mtu alitaka utajiri kabla mpunga haujaiva. Baba mdogo, ambaye hata kibanda cha kuuza chumvi kilimshinda, alimleta mtaalamu mmoja kutoka mjini, na ramani yake kwenye karatasi ya daftari. Eti Mjerumani alifukia rupia za dhahabu chini ya ukuta! Mjerumani aliyehesabu hata misumari, leo aondoke asahau dhahabu! Lakini watu wazima na ndevu zao walichinja kuku mweusi, wakachimba wiki mbili, ukuta wa kwanza ukaanguka. Zikapatikana chupa na soli ya kiatu. Mtaalamu akasema rupia zimehama, akapanda basi la Mbeya. Na bado hatukuona aibu. Kuta zilizosimama tukazibomoa wenyewe, tukabeba tofali kwenda kujengea mabanda na vyoo. Nami nilibeba, nikiringa kwamba naweza nne kichwani.

Bibi alikuja akakuta mashimo. Hakumtukana mtu.

"Haya, ninyi mliosoma, nionyesheni sasa tata nitamlilia wapi."



Siku hizi tunakaa vijiweni Kyela mjini, tunawasema vijana kwamba hawajali historia. Juzi binti yangu aliniomba nimpeleke akaione ngome. Tulikuta migomba na kokoa za watu, basi.

"Baba, kuta zenyewe ziko wapi?"

"Wajerumani waliondoka nazo," nikamjibu.