Mwanangu Anayelipwa kwa Kuangushwa

Mtoto wetu wa mwisho akipiga simu Jumapili, baada ya sisi kurudi kanisani, mama yake hamwulizi kama amekula wala amelala wapi. Anamwuliza, "Umeanguka vizuri?" Akijibiwa ndiyo, ananiachia simu na kurudi jikoni. Mimi huzunguka nayo uani, kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji na kurudi, mpaka kijana anauliza, "Baba, mbona unahema? Unakimbizwa?"

Kazi yake ni mieleka ya maonyesho. Yumo katika kikundi kinachosafiri na ulingo wa mbao juu ya lori la Fuso, wiki hii Makambako, wiki ijayo Igawa, mwisho wa mwezi Mafinga. Chini ya mbao hutandika magunia. Wakiwa Mafinga huyajaza maranda ya viwanda vya mbao, wakiwa Ubaruku huyajaza pumba za mpunga. Mwanangu anasema hata akifungwa macho, mgongo wake utamwambia yuko mji gani.

Ulingoni yeye ndiye mtu mbaya. Huingia kwa majivuno, anavua koti polepole, kisha anautukana mji uliompokea. Siku walipocheza hapa kwetu Uyole nilikwenda kumwona, mara yangu ya kwanza na mpaka leo ya mwisho. Alishika kamba, akapaza sauti: "Viazi vyenu hivi, kwetu hata nguruwe anavisusa!"

Mama mmoja muuza ndizi, aliyesimama mbele yangu, aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Shuka huku chini, wewe nguzo ya umeme! Shuka tukufundishe adabu ambayo baba yako alishindwa kukufundisha!"

Baba mwenyewe nilikuwa nyuma yake, nimeshika kofia. Nilitazama chini. Muda mfupi baadaye mwanangu aliinuliwa juu, akazungushwa, akatupwa kwa kishindo, na yule mama akanikumbatia mimi kwa furaha. Watu walikwenda nyumbani wakicheka. Mimi nilizunguka nyuma ya lori nikamkuta anakula chungwa.

"Huumwi?" nilimwuliza.

"Baba, siri ni kumsaidia anayekuangusha. Akikuinua, nawe unaruka. Akikusukuma, unakwenda naye. Ukishupaza mwili, mnaumia wote wawili."

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Nilizaliwa Iringa, nikatumwa Mbeya kwa kazi ya kanisa, nikabaki. Nimefundisha vijana wengi wa kipaimara, na nimezoea kungoja: kungoja mvua, kungoja watu waache pombe, kungoja mgonjwa apone au apumzike. Kwa huyu mtoto subira yangu yote iliniishia. Namshukuru Mungu kwamba halewi, hapigani mitaani, na kila akifika nyumbani huamka nasi kwa sala ya asubuhi. Lakini hata akisali vizuri namna gani, Jumamosi inakuja, na kuna mtu mahali fulani ambaye kazi yake siku hiyo ni kumtupa chini mwanangu.

Mwaka jana akatuambia anataka kuoa. Binti ni fundi cherehani pale Igawa. Walifahamiana alipompelekea bukta ya kazi iliyopasuka. Baba yake ni mfugaji aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake akitokea kaskazini, zamani kidogo, na sasa analima mpunga pia, upande wa mbele ya Ubaruku. Tulimtuma mshenga kama ilivyo desturi. Alirudi na maneno machache: mzee hataki mtu wa kutumwa, anataka kuonana na baba wa kijana, na kijana mwenyewe awepo.

Tulikwenda. Mzee alitupokea vizuri sana. Alikuwa mtu mrefu, mikono mizito, sauti ya chini. Tulipewa maziwa mgando na viti vya kukalia nje, mkewe akiwa kwenye jiko la pembeni, mlango wazi, akisikia kila kitu. Mzee akauliza kijana anafanya kazi gani.

"Mieleka," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Akapiga paja. "Mieleka! Mbona hamkusema mapema? Mimi na kaka zangu tumekua hivyo, machungani. Ng'ombe wakishakunywa, sisi tunashikana. Mpaka mgongo ufike kwenye udongo." Akamgeukia mwanangu. "Na wewe, nani ameuona mgongo wako?"

Kabla mwanangu hajajibu, kaka wa binti, mtoto wa kwanza wa mzee, mtu mzima mwenye shingo nene, alitoa simu mfukoni. Alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda. "Baba, subiri. Nimemwona huyu mahali."

Akaweka video. Ilikuwa ya Makambako. Niliitambua sauti ya mwanangu ikiwatukana watu, kisha kishindo, kisha vifijo. Mzee aliangalia mpaka mwisho. Akaomba irudiwe. Akaangalia tena.

"Huyu anayeangushwa," akaniuliza, "ndiye unayeniletea?"

"Ndiye."

"Hana nguvu?"

"Nguvu anazo. Wanapatana kabla, mzee mwenzangu. Nani ashinde, nani aanguke. Yeye huanguka. Ndiyo kazi yake."

Mwanangu alinitazama kwa uchungu, maana mambo hayo kwao hayasemwi nje. Lakini nimeulizwa na mtu ambaye binti yake tunamwomba. Sikuona jibu lingine.

Mzee alimrudishia mtoto wake simu. Alipozungumza hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. "Mwinjilisti, mimi sikudharau. Lakini sikiliza. Huku kwetu mtu anaweza kuja kuwachukua ng'ombe wako asubuhi hii hii. Jirani anaweza kuhamisha mpaka wa jaruba lako la mpunga huku unamwona. Mimi nimpe binti yangu mtu ambaye mwili wake umezoea kukubali kwenda chini? Siku hiyo atafanya nini? Atapatana?"

"Hapana, baba," mwanangu akasema.

"Sijui. Na wewe hujui." Akamwonyesha mtoto wake kwa kidevu. "Mpunga ukishavunwa, njoo ushikane na huyu. Hapa zizini, kwenye udongo wangu, bila mapatano. Nikiuona mgongo wako hapa kama nilivyouona kwenye simu, tutabaki kusalimiana vizuri barabarani, na habari ya binti itakuwa imekwisha."

Kaka wa binti aliirudisha simu mfukoni. "Kula vizuri, bwana," akamwambia mwanangu. "Mimi siruki ukiniinua."

Tangu siku hiyo hadi mavuno sikutulia. Nilikuwa nashika jembe naliacha katikati ya tuta. Kanisani nilisimama wakati wengine wameketi, mke wangu akanivuta koti. Niliomba, na kila nikiomba nilijikuta nachagua maneno kwa hofu, maana sikujua kama ni halali kumwomba Mungu amtupe chini mtoto wa mtu mwingine. Mwisho nikawa namwomba tu ayashike magoti ya mwanangu.

Naye alirudi nyumbani kujifunza kutoanguka. Tulikwenda nyuma ya jiko, mahali penye majani. "Nishike kiunoni, baba, unisukume kwa nguvu zako zote."

Nguvu zangu zote si nyingi. Nilimshika, nikamsukuma kidogo, nipime kwanza. Akaenda chini. Alikwenda vizuri sana, kimya, kidevu kimeingia kifuani, mikono imefunguka, kama blanketi linalotandikwa. Akabaki amelala akiangalia mawingu.

"Sikutaka," akasema.

"Najua."

"Mwili umekwenda wenyewe."

Jirani yetu alikuwa anaangalia juu ya ua, mswaki mdomoni. "Mwinjilisti! Kumbe ulikuwa na mkono mzito hivyo? Mbona kwa wahuni wa sokoni hatukutumi wewe?" Mke wangu alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Mimi sikucheka. Nilimshika tena, akaenda chini tena. Jioni ile alikuwa akisimama mara nyingine, na mara nyingine akianguka, na hakuna aliyeweza kujua mapema itakuwa ipi, hata yeye.

Tulirudi Usangu baada ya mavuno. Majani makavu ya mpunga yalikuwa yamerundikwa, na ng'ombe walikuwa wametolewa zizini kwenda kunywa. Ndugu na majirani walijipanga kwenye fito. Binti alisimama na mama yake, kitenge amekifunga kichwani. Udongo wa zizi ulikuwa umekanyagwa ukawa mlaini, umechanganyika na mavi ya ng'ombe, na mwanangu alivua viatu akavipanga pembeni kwa uangalifu kana kwamba anaingia nyumba ya mtu.

Mzee hakutoa hotuba. "Shikaneni," alisema.

Walishikana. Kaka wa binti alikuwa mzito na alijua anachofanya. Alimvuta, akamwinua kidogo kwenye nyonga, nami nikaona kwa macho yangu miguu ya mwanangu ikiruka. Iliruka kumsaidia. Akapita hewani vizuri, akatua kwa mgongo, bila kelele.

Zizi zima lilicheka. "Kama kwenye simu!" mtu alipaza sauti. "Rudieni, nilikuwa sijawasha kamera!"

Nilimtafuta mzee kwa macho. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga maneno ya kuaga, maneno ya shukrani kwa maziwa na kwa kupokelewa. Binti alikuwa amegeuka, anaangalia ukuta wa jiko.

"Ya kwanza ni salamu," mzee akasema. Sikujua kama ni desturi ya kwao au huruma ya ghafla, na hata leo sijamwuliza. "Kwetu hatuishii kwenye salamu. Shikaneni."

Mwanangu alisimama. Alikuwa na udongo mgongo mzima. Nikaona midomo yake inatikisika, na nilidhani anaomba, kumbe baadaye aliniambia alikuwa anaiambia miguu yake, mmoja mmoja, isimsikilize mtu yeyote. Walishikana mara ya pili, na safari hii ilikuwa kazi mbaya, haina mvuto hata kidogo. Hakuna aliyeinuliwa. Walisukumana kama watu wanaohamisha kabati mlangoni. Walikoroma. Shati la mwanangu likachanika. Mara mbili niliona goti lake likitaka kulegea, na mara mbili likakataa, na mimi nilikuwa nimeshika ufito wa zizi mpaka kibanzi kikaniingia kiganjani.

Kisha kaka wa binti akakanyaga palipokuwa na mavi mabichi. Mguu ukateleza kidogo tu. Mwanangu alimgeuza, wakaenda chini wote wawili, yule mwingine mgongo chini, mwanangu juu yake.

Kelele zikawa nyingi. "Ameteleza!" "Kuteleza ndiko kuanguka, wewe!" "Hiyo haihesabiki, ni mavi yamemwangusha!" Mzee alikuwa anatikisa kichwa. Aliingia zizini, akawatazama walipolala, akasema, "Mmoja chini, halafu mwingine chini, tena kwa kuteleza. Hapa sijaona kitu cha kunifanya nigeuze neno langu."

"Hujaona," mkewe akasema, "kwa sababu nyie wote mlikuwa mnaangalia miguu."

Alikuwa amepita katikati ya wanaume na mwiko bado mkononi. Akauelekeza mwiko chini. Hapo ndipo nasi tukaona. Mkono wa kulia wa mwanangu ulikuwa umebanwa chini ya kisogo cha kaka wa binti, kati ya kichwa na jiwe la kufungia ndama, ambalo lilikuwa limechomoza pale udongoni. Vidole vilikuwa vinatoka damu kwenye viungo. Alikuwa ameuweka wakati wanaanguka, katika kushindana kule kote, na nadhani hakujua kwamba ameuweka. Ni mazoea ya kazi yake, kukilinda kichwa cha mwenzake.

"Kichwa cha mwanangu huyu kingekuwa kimepasuka," mama wa binti akasema. "Wewe unauliza siku ya wezi atafanya nini. Mimi nauliza siku nyingine zote."

Mzee aliinama, akalishika lile jiwe, akalitikisa. Halikutikisika. Alikaa amechuchumaa pale, akipitisha kidole juu ya ncha yake. Kaka wa binti aliketi, akapapasa kisogo chake, kisha akautazama mkono wa mwanangu.

Mimi nilibaki nikihama mguu huu kwenda ule.

Mzee alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali. Hakunitazama mimi, wala hakumtazama binti yake. Alimwambia mtoto wake wa kwanza, kwa sauti ile ile ya chini, kama mtu anayeagiza ng'ombe warudishwe: "Mpeleke shemeji yako akaoge. Na huo mkono uoshwe kwa maji ya chumvi."

Mwanangu alichelewa kulielewa neno hilo. Alikuwa bado amepiga magoti, anavitazama vidole vyake. Kaka wa binti ndiye aliyemshika mkono usioumia na kumvuta juu.

"Twende, shemeji," akasema, "kabla mzee hajageuza maneno."