Nanga Iliyong'oka Merti

Habon hakulia siku walipomtoa mumewe Waqo katika maji ya Ewaso Nyiro huko Merti. Alilia wiki moja baadaye, nyumbani Chechelesi, alipoambiwa fundi Jattani anasema marehemu alijiua kwa uzembe wake.

Waqo alikuwa akiendesha pampu iliyokaa kwenye jukwaa linaloelea juu ya mapipa. Jattani ndiye aliyelifunga, kwa kamba, kwenye mti wa ukingoni. Mto ulipofura kamba ilikuwa fupi mno; jukwaa likashindwa kupanda na maji, likazama pamoja na Waqo. Jattani akawaambia watu Waqo aliifupisha kamba mwenyewe. Maiti hajitetei.

Tangu hapo Habon alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alimfuata Kagwiria, mama aliyefunga majukwaa kwenye mabwawa, akamwomba amfundishe. Miaka mitatu alichimba, akakaza minyororo, akajifunza kwamba nanga inayoshika tope haishiki mchanga, na kwamba kamba hupimwa kwa maji ya mafuriko, si ya kiangazi. Viganja vikaota sugu. Hasira haikupoa.

Kamati ya maji ya Merti ilipotaka jukwaa jipya, walijitokeza wawili: Jattani na Habon. Habon akaomba kila mmoja aweke nanga yake, kisha ivutwe na lori la mifugo watu wakiona. Jattani akacheka, akakubali.

Alipigilia chuma kirefu mchangani. Dereva hata hakubadilisha gia. Chuma kiling'oka kama jino bovu. Habon alikuwa amezika magogo ya mgunga, kina cha kifua, na mnyororo umeyazunguka. Lori likanguruma, magurudumu yakajichimbia mchangani, nanga haikusogea.

Habon akamgeukia Jattani mbele ya kamati.

"Sasa waambie hawa wazee. Kamba ya Waqo, nani aliifunga fupi?"

Jattani akatazama viatu vyake.

"Ni mimi," akasema. "Kamba ilikuwa imebaki hiyo tu."

Kazi akapewa Habon. Jattani hakuitwa tena na mtu, hata kufunga tangi. Akatuma wazee wawili Chechelesi kumwombea msamaha. Habon aliwaandalia chai ya maziwa, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Jattani aende mwenyewe kwa mama yake Waqo, akayaseme yale yale aliyokiri mbele ya kamati, mlangoni pake, majirani wakisikia.

Mpaka leo hajaenda, na Habon hajamsamehe.