Bipu Kumi na Moja

Mama mmoja aliteremka kutoka Rurambo, huko milimani, hadi Uvira, akaishia kuniomba msamaha kwa kosa nililolifanya mimi. Nikaupokea. Nimejaribu mara kadhaa kuilainisha habari hiyo ninapoiandika, haikubali, basi niiache ilivyo.

Nilikuwa fundi wa mitandao, mwanamke, nimesomea Bujumbura, na mjini Uvira nilipenda watu wajue yote hayo. Chama kimoja cha wafugaji kiliniita niwafungie simu za intaneti. Walitaka kituo kidogo tu: meza mbili, wasichana wawili wenye kaske masikioni, na namba moja ambayo mfugaji yeyote wa milimani angeipiga ng'ombe wake akiugua. Wasichana wangepokea na kuandika mahali, kisha daktari wa mifugo angepanda pikipiki. Mkurugenzi wa chama alizitaka simu za intaneti kwa sababu moja, na alinieleza siku ya kwanza kabisa: kwa njia hiyo kituo kingeweza kumpigia mfugaji kwa bei ndogo, ili mfugaji asilazimike kutafuta salio. Nilimsikia vizuri. Nataka hilo lieleweke.

Kazi yenyewe niliipenda. Nilipanda juu ya bati nikafunga antena, nikavuta waya, nikapanga betri za umeme wa jua chini ya meza, maana umeme wetu tunaujua. Nikachomeka laini kwenye kisanduku kinachopokea simu za kawaida na kuzipitisha kwenye intaneti. Kila simu iliyoingia ilijiandika kwenye kompyuta, iliyopokelewa kwa kijani na iliyokosekana kwa nyekundu. Siku namba ilipotangazwa redioni, skrini ikawa nyekundu juu mpaka chini.

Wasichana wakashtuka, wakadhani mtambo umekufa. Mimi sikushtuka. Zilikuwa bipu. Mtu anapiga, simu inalia mara moja, anakata, halafu anangoja umpigie wewe mwenye uwezo. Nimelelewa kwa bipu. Mama yangu aliuza mihogo sokoni Luvungi, na miaka yote niliyokuwa masomoni tulizungumza hivyo: moja ni nimefika, usijisumbue, mbili ni nipigie ukipata nafasi, zikifuatana bila kukoma, acha chochote unachokifanya. Sijui mtu wa pande zetu asiyeyajua hayo.

Lakini kesho yake wageni waliolipia mtambo walikuwa wanakuja kuuona. Mkurugenzi aliinama mbele ya skrini, akajikuna shingo.

"Dada fundi, hii nyekundu yote itatupatisha haya," alisema. "Wageni watasema hatupokeaka batu. Hauwezi kuipanga, ikuwe propre, safi-safi?"

Ningeweza kumwambia kwamba hao ndio watu wasio na salio, ndio hasa aliowafungia mtambo. Ningeweza kuzipanga bipu zote kwenye orodha ya kupigiwa. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini bipu zile zilinitia aibu. Ziliingiza soko lote la Luvungi, na mama yangu na beseni lake, ndani ya ofisi iliyonukia rangi mpya, na mimi nilitaka nionekane mtu aliyekwisha kutoka huko. Nikaketi nikaandika amri moja fupi: simu yoyote itakayokatwa kabla ya mlio wa tatu isionyeshwe wala isihesabiwe. Nyekundu yote ikapotea. Wageni wakaja, wakaona kijani kitupu, wakanipigia makofi, nami nikacheka meno yote nje. Walipoondoka sikuigusa amri ile. Nilirudi kila wiki kukagua betri, na kila wiki nikaikuta mahali pake, nikaiacha.

Wiki ya tatu, kabla ya saa sita mchana, mama huyo akaingia. Alikuwa rika la mama yangu, kitenge chake kimejaa vumbi la njia mpaka kiunoni. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata aliyekuwa na kaske, kisha akaulizia mwenye simu. Wakanionyesha mimi.

"Weye ndjo fundi?"

"Ndiyo, Mama. Karibu, ukae."

"Minye natoka Rurambo. Nilibaita siku mbili, mwanangu."

Akaeleza taratibu, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. Alikuwa na ng'ombe mmoja, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Maziwa yake ndiyo waliyokunywa wajukuu. Ng'ombe alianza kuzaa asubuhi, ukatoka mguu mmoja wa ndama, na nyuma yake hakikufuata kitu. Majirani walijaribu kuvuta, wakashindwa. Mama akapanda kilimani penye mtandao, akabipu namba aliyoisikia redioni. Akashuka kumtazama ng'ombe, akapanda tena, akabipu tena. Kesho yake mchana ng'ombe akafa, ndama akiwa bado tumboni.

Akanipa simu yake, kidude cha vitufe kilichofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Namba yetu ilikuwa imejipanga humo mstari kwa mstari. Nilihesabu. Zilikuwa kumi na moja.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akawatazama wasichana, wakatikisa kichwa: hawakuona kitu. Basi wote wakanigeukia.

"Ilikuwa nini, fundi?"

"Ni rezo ya mulima, Patron," nikasema, nikiusingizia mtandao. "Na tena simu ikikatwa mbio-mbio, mashini haiishikake."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaniamini palepale.

"Kumbe ni minye sikujua kupiga muzuri," akasema. "Munisamehe. Nilibasumbua."

"Haina neno, Mama."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema jambo lingine lolote.

Akajivuta karibu nami kwenye benchi. "Sasa unifundishe, nisikosee tena. Ngombe ingine sina, lakini majirani iko nazo."

Nikamfundisha. Nilishika kidole chake nikakiweka kwenye kitufe. Bonyeza, weka sikioni, usikate, ngoja mpaka usikie msichana anaongea. Alirudia kila hatua kwa sauti, mara mbili, mara tatu, kama mwanafunzi anayeogopa kurudishwa darasa. Kisha akauliza kama mtu hana inite, salio la kuongea, afanye nini.

"Utafute, Mama," nikamwambia. "Utafute tu."

Akanishukuru. Mkurugenzi akamletea soda, akaifunga kwenye pembe ya kitenge kwa ajili ya wajukuu, akaaga kila mtu kwa mkono kama alivyoingia.

Alipoondoka niliifuta ile amri. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufungua soda. Nikapanga bipu ziende kwenye orodha ya kupigiwa, na mkurugenzi alipoona nyekundu zimerudi nikamwambia kuwa nimeuboresha mtambo. Akanisifu tena, mbele ya wasichana.

Kesho yake jioni, kabla hatujafunga, ikaingia bipu ya namba ya yule mama wa Rurambo. Niliitambua, maana nilipoifuta amri, bipu zake kumi na moja zilijitokeza kwenye skrini zikiwa na namba hiyo. Msichana akaweka mkono kwenye kipanya.

"Tumupigie?"

"Hapana," nikasema. "Moja tu ni kusema amefika."

Ilikuwa kweli. Mama yule alitaka nijue kwamba amefika nyumbani salama, nisikae na wasiwasi juu yake. Kumpigia kungenilazimu nimwambie kwamba alipiga vizuri, mara zote kumi na moja. Nikabaki mbele ya skrini nikiomba ya pili isije. Haikuja, na namba yake sijaipiga mpaka leo.