Kahawa Niliyodai Sikupewa

Nina nyumba ya wageni hapa Nkwenda, vyumba saba na ua wa nyuma wa kuanikia mashuka. Kwa miaka mingi sikuhitaji kuitangaza. Wanunuzi wa maharage na kahawa walioshuka hapa wakiwa wageni walielekezwa kwangu na yeyote waliyemwuliza, basi. Wengine waliniachia hata mabuti ya mvua wayakute msimu ujao.

Kisha jirani akajenga. Ni mama wa Muleba, mfanyabiashara, mdogo wangu kwa kama miaka kumi, na tunasali jumuiya moja. Alijenga upande wa pili wa barabara, akaweka marumaru, maji ya moto na mtandao wa bure. Siku ya kubariki nyumba alinialika. Nikatuma salamu kwamba naumwa kiuno. Kiuno changu kilikuwa kizima kabisa.

Siku moja mteja wangu wa zamani, mnunuzi wa maharage kutoka Mwanza, alipita mlangoni kwangu na begi lake akaingia kwa jirani. Nilipomkuta sokoni kesho yake nilimwuliza nimemkosea nini. Aliona haya, akanionyesha simu. Kwenye ramani, nyumba ya jirani ilikuwa na nyota nne na nusu na maneno marefu ya watu wakisifu mashuka. Yangu ilikuwa na nyota tatu, zilizowekwa na mtu mmoja ambaye hakuandika chochote. Nyota tatu! Mimi niliyempikia uji huyo huyo mnunuzi alipougua malaria.

Nilianza kwa kujisifu. Nilimpigia binti yangu aliyeko Bukoba, naye akawaomba wenzake wa kazini, na wiki haikuisha watu sita ambao hawajawahi kukanyaga wilaya yetu ya Kyerwa walikuwa wamelala kwangu na kuamka na furaha. Mmoja alisifu mandhari ya ziwa. Ukisimama kwangu huoni ziwa lolote, unaona migomba na fundi pikipiki. Mgeni mmoja aliniuliza ziwa liko upande gani, nikamwambia leo kuna ukungu.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa kuchekwa tu. Lakini hasira ilikuwa haijaniisha. Alasiri moja nilikaa ukumbini, nikafungua akaunti kwa jina la mwanaume ambaye hajapata kuzaliwa, nikaandika juu ya nyumba ya jirani: Kunguni wamejaa, sikulala. Nilisoma nikaona haitoshi. Kunguni ni bahati mbaya, wanaweza kumpata yeyote. Nilitaka neno la kuonyesha kwamba nyumba yenyewe haina utu. Huku kwetu mgeni akifika, kabla ya mazungumzo yoyote marefu huletewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo. Hata asiye na kitu hamnyimi mgeni kahawa. Basi nikaongeza: Tena nilifika nimechoka, dada wa mapokezi hakunipa hata kahawa ya kutafuna. Nikaweka nyota moja, nikaenda kuanua mashuka.

Siku chache baadaye niliona magodoro yote ya jirani yamesimamishwa juani kando ya barabara. Alikuwa anawatafuta kunguni. Hakukuwa na hata mmoja, lakini nani angeamini? Soko lote liliyaona magodoro, na waliokuwa hawajasoma wakasomewa. Wanunuzi wakaanza kuvuka barabara kuja kwangu. Sitaficha, nilifurahi. Siku hiyo nilipika chapati.

Dada wa mapokezi wa jirani nilikuwa namjua vizuri. Alianzia kazi kwangu, kabla hajaolewa, na mimi ndiye niliyemfundisha kupokea wageni. Alipokwenda kwa jirani aliniaga kwa heshima. Kwa hiyo sikushangaa kumwona asubuhi moja amesimama kwenye baraza yangu, ila nilishangaa kwamba ilikuwa saa ya kazi na alikuwa amevaa kitenge cha nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo huna kazi?"

"Nimeachishwa. Kuna mgeni kaandika kwenye simu kwamba nilimnyima kahawa."

"Na kunguni?" nikauliza, upesi mno.

"Kunguni wametafutwa hawakuonekana, hilo limekwisha. Lakini kahawa bosi ataitafuta wapi? Anasema nimemwaibisha mpaka kwao Muleba." Alikataa kiti. "Sikuja kuomba kazi, mama. Nimekuja unisemee. Wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa miaka ile niliyokuwa kwako, kuna mtu niliyemnyima?"

"Hakuna."

"Basi twende ukamwambie hivyo hivyo. Tena mama, nimewaza sana. Mgeni wa mbali hulalamikia maji, hulalamikia mtandao. Kahawa yenyewe wengine nikiwapa huitia mfukoni, wanadhani dawa. Huyu aliyeandika si mgeni. Ni mtu wa hapa hapa."

Nilimtazama usoni. Hakuwa ananitega, alikuwa anafikiri tu kwa sauti. Nilipata aibu ambayo sijui niieleze vipi, aibu ya kukamatwa na mtu ambaye hajui kwamba amekukamata.

Nilijifunga kanga, tukatoka. Nitasema kweli, tulipokuwa tunavuka barabara bado nilikuwa na mpango wangu. Ningeyafuta yale maneno baadaye, kimyakimya. Kwanza ningekwenda kumsemea huyu binti, jirani angenisikiliza kwa sababu ya umri wangu, kazi ingerudi, na mimi ningetoka pale mtu mwema.

Jirani alitukaribisha sebuleni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia mle. Kulikuwa safi, na hilo nalo liliniuma. Aliyekuwa akileta kahawa sasa alikuwa amesimama mlangoni kama mdaiwa, kwa hiyo jirani akaenda mwenyewe, akarudi na kikapu, akaninyooshea.

"Karibu dada. Leo umetukumbuka."

Mkono ulikataa. Nilijua kukataa kahawa ya mtu ndani ya nyumba yake ni tusi, na yeye alijua kwamba najua. Kikapu kilibaki hewani.

"Kuna nini?" akauliza. "Mbona hupokei?"

"Siwezi kuila kabla sijasema. Yale maneno ya kwenye simu niliyaandika mimi. Ya kunguni, na ya kahawa. Huyu binti hana kosa."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Jirani alikiweka kikapu mezani, akakaa.

"Lakini hujawahi hata kuingia humu," alisema.

"Sijawahi."

"Na kahawa uliyoiandika ni ya lini?"

Kisha akamgeukia yule binti. "Nisamehe, mwanangu. Nilimwamini mtu nisiyemjua nikakuacha wewe ninayekujua. Jumatatu rudi kazini."

Nilidhani yamekwisha. Nilianza kueleza nitakavyofuta, na kwamba nitaandika upya kwa jina langu, mimi mwenye nyumba ya ng'ambo, kuwa nilisema uongo kwa wivu. Na kweli niliandika hivyo siku ile ile, na wale sita wa binti yangu nikawaomba wafute yao, nikarudi kwenye nyota zangu tatu. Lakini pale sebuleni yule binti hakunisubiri nimalize. Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia sakafu.

"Mama mkwe amesikia," alisema. "Kaambiwa sokoni kwamba mke wa mwanawe huwanyima wageni kahawa. Tangu siku hiyo wageni wakija kikapu anakibeba mwenyewe, na mimi niko ndani. Hayo ya kwenye simu mtayafuta. Yeye hana simu."

Kesho yake nilipanda bodaboda kwenda kwa huyo mama mkwe. Ni safari ya kupita vibanja na vibanja vya migomba, na dereva alikuwa mzungumzaji, nikawa namjibu "enhe" tu. Nilimkuta bibi anachagua maharage kwenye ungo mbele ya nyumba. Tulisalimiana kwa Kinyambo, salamu ndefu yote, nami sikuruka hata moja. Akanipa mkeka.

Kumweleza kulichukua muda. Hakujua nyota za kwenye simu ni kitu gani, ikabidi nianze mwanzo. Nikamwambia kuna mahali ambapo waliolala kwenye nyumba ya wageni husema wamelalaje, ili wengine wajue pa kwenda. Alisema ni jambo zuri. Nikamwambia mimi nilisema bila kulala. Nikamwambia nilichokisema kuhusu mkwewe. Katika kueleza vile, taratibu, kwa mtu anayechagua maharage, kila nilichokuwa nimejitetea nacho moyoni kiliniishia. Mteja, marumaru, nyota, vyote vilikuwa havina maana pale.

"Kwa hiyo ulimsingizia," alisema.

"Nilimsingizia, waitu," nikajibu kwa heshima ya Kinyambo.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikataja jina langu, na la baba yangu, na ukoo wetu. Aliacha ungo.

"Baba yako nilimfahamu," alisema. Kisha akageuka, akaita kuelekea ndani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, kwamba kuna mgeni na mkwewe alete kahawa.

Binti akatoka na kikapu. Alipiga goti mbele yangu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikachukua punje mbili, nikatafuna, na nikashindwa kumtazama.