Imani Kamili ya Mwenyekiti

Noelene Truscott hakumwamini mtu, na sisi tunaomjua hatukumlaumu. Ndiye mfuaji wa jezi za klabu yetu ya raga tangu enzi mji wetu ulipokuwa na mgodi, na makocha wakuu wamepita mbele yake hadi amechoka kuwazoea. Dooley alitufikisha fainali; watu wa baraza la klabu wakamfukuza huku wakila keki ya kumpongeza. Yule mrefu wa Sydney alikuta jina lake limeshabanduliwa mlangoni. Na kila mara, siku chache kabla, mwenyekiti alisema redioni: "Kocha ana imani yetu kamili." Hapa kwetu ukisikia hivyo, unafungasha.

Safari hii kocha alikuwa Tavita, Msamoa, mume wa Kerrie, binti wa Noelene. Kazi hiyo ndiyo iliyowarudisha nyumbani pamoja na mjukuu, Lani, na Noelene akaacha kula peke yake mbele ya televisheni. Timu ikaanza kufungwa. Jumatatu tukamsikia Col Hanrahan, mwenyekiti wetu: "Tavita ana imani yetu kamili."

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Noelene akamfuata baa ya klabu, nami nikiuza pai zangu pale pale.

"Wewe Col, mnamleta nani?"

"Hatumleti mtu. Nimesema namwamini."

"Na Dooley ulimwambia hivyo hivyo!"

"Safari hii ni kweli, Noelene."

"Basi nitazame machoni."

Col akatazama bia yake. Khaa! Huyu bwana hamtazami mtu machoni hata akimsalimu, lakini Noelene alikuwa ameshatoka.

Akamvaa mkwewe jikoni. "Mwanangu, ruka kabla hujasukumwa. Klabu ya Townsville si walikuita?"

"Mama, Col amenipa mkono wa ahadi."

"Mkono alimpa kila mtu!"

Tavita akapiga simu Townsville, wakamchukua.

Alhamisi Col akaja nyumbani kwa Noelene, uso umemshuka. Nilikuwa nimempelekea pai, nikasikia yote.

"Nimebishana na baraza wiki nzima," akasema. "Wamemwongezea Tavita mkataba wa miaka miwili. Mbona kanikimbia?"

Noelene akakaa juu ya rundo la jezi zenye matope, machozi yakamtoka waziwazi.

"Ungesema kwa maneno mengine, Col."

"Yapi?"

Nje Kerrie alikuwa anapiga honi, gari limejaa mizigo ya Townsville, bibi atoke amuage Lani.