Mdogo Wangu wa Uongo

Kuna mwanamume mmoja wa katuni ambaye nikikutana naye njiani sitampisha. Ni mwanafunzi, amevaa miwani, nywele zake kama kuku aliyenyeshewa, na kila mtihani anaofanya anafeli. Anaishi nyumba moja na wasichana watano. Akishuka ngazi anaanguka, na akianguka lazima amwangukie msichana. Akifungua mlango wa bafu, ndani pana mtu, na mtu huyo humzaba kofi linalomrusha mpaka juu ya paa. Jioni yule yule aliyempiga humpikia supu kwa sababu anampenda. Wote watano wanampenda. Kwa lipi, sijui hadi leo. Niliangalia sehemu thelathini na moja za upuuzi ule na sikumwona hata siku moja akiosha sahani.

Niliziangalia kwa kuwa runinga ilikuwa moja na sebule ilikuwa moja. Tulikuwa tukikaa Euless, mji mdogo wa Texas jirani na Dallas, wanawake watatu, kwenye fleti ambayo ndege zilipita juu yake chini chini mpaka vikombe vikagongana kabatini. Mwenye mkataba wa nyumba alikuwa mama mmoja wa Mombasa, dereva wa teksi, mjane, mdomo wake haujawahi kupata likizo. Wa pili alikuwa Mrundi, mtu wa kanisa, mpole, akifanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Wa tatu mimi, mtu wa Unguja, nimeachika mara moja, miaka thelathini na sita, nikihudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee kule Mansfield. Tuliishi vizuri. Nikirudi kazini nilivua viatu, nikavua mtandio, nikakaa kichwa wazi kama mtu aliye kwake.

Kisha akaja mwanafunzi. Alikuwa mtoto wa jirani wa zamani wa yule mama wa Mombasa, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Alisoma Houston mwaka mzima bila kufaulu kitu, ikaonekana hewa ya Houston ndiyo mbaya, basi aletwe kwetu ajaribu chuo cha huku. "Wiki mbili tu shoga yangu, mpaka apate room," aliniambia yule mama. Alikaa miezi kumi na minne. Alikuja na begi moja la nguo na masanduku mawili ya vitabu vya katuni za Kijapani, na sebule yetu ikawa chumba chake, runinga yetu ikawa ya katuni zake.

Naona mtu asiyejua mila zetu atafikiri hapo ndipo kichekesho kilipoanza, milango ikafunguliwa ovyo na makofi yakalia. Wapi! Mimi ni Mwislamu na yule hakuwa maharimu wangu. Maana yake, tangu siku alipoingia, nywele zangu hazikupata upepo ndani ya nyumba niliyoilipia kodi. Nilipika nimejifunika, nikafua nimejifunika. Nikamwekea sheria: kabla ya kukanyaga korido, akohoe na apige hodi, asubiri mpaka ajibiwe. Alitii, hilo simnyimi. Alikohoa asubuhi, akakohoa mchana, akasimama pale kwenye pembe ya ukuta akiita "hodi, hodi" kama muuza samaki, mpaka Mrundi wetu akaingiwa na hofu ya kifua kikuu akawa anamchemshia tangawizi na limau. Naye alikunywa. Hakumweleza kwamba anakohoa kwa amri yangu. Ndivyo alivyokuwa: akipewa, anapokea, na maelezo atayatafuta mwingine.

Na sisi tulimpa, ndiyo aibu yenyewe. Wanawake watatu wazima, kila mmoja ana kazi ya kumvunja mgongo, tulimtengea sahani yake kabla hatujala, tukaifunika na nyingine. Hakuna aliyetuamuru. Mtoto wa kiume yumo nyumbani, mikono ikajua yenyewe. Alipofeli hesabu, mama wa Mombasa alimkaangia mahamri. Alipofeli mara ya pili, Mrundi alimpikia maharage kwa mawese, na mimi, niliyekuwa nikimcheka yule mpumbavu wa kwenye runinga kwa sauti, nilimwekea pweza wa nazi. Alinitazama kwa macho ya shukrani akasema, "Dada, thank you, sijui ninge-survive aje." Nikamwambia ale upesi, pweza akipoa anakuwa kama soli ya kiatu.

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa, wanawake wa msikiti wetu wa Arlington walimwuliza mama wa Mombasa ni nani yule kijana anayeshuka garini mwenu. Waliuliza huku wakitabasamu, tabasamu ninalolijua tangu utoto wangu, la mtu anayechuma habari za kwenda kuuza. Mama yule hakupepesa. Alininyooshea kidole akasema, "Si mdogo wake huyu? Kaja kusoma." Wote wakanigeukia. Nami nikaitikia kwa kichwa. Ningeweza kusema ni mgeni wetu tu. Lakini ningeulizwa mgeni gani wa kiume analala kwa wanawake wasio na waume, na nilikuwa na njaa, na jua la Texas lilikuwa likinichoma utosini. Basi nikapata mdogo wa kiume hivi hivi, naye jioni akaambiwa akiulizwa aitikie.

Uongo wa mwenzako unauvaa siku moja, siku ya pili umekuwa wako. Mwezi ule aliletwa kazini kwangu bibi mmoja wa Lamu, aliyevunjika nyonga nyumbani kwa bintiye huko Plano. Kiingereza hakijui. Wauguzi wengine walimpigia kelele wakidhani ni kiziwi. Mimi nilimwita "mama", nikamchana nywele, nikamsomea dua, na akaniuliza yale wanayouliza mama zetu wote: una mtoto, una mume, unakaa na nani? Nikamjibu, "Nakaa na mdogo wangu wa kiume." Hakuna aliyenilazimisha safari hii. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka anione mwanamke mwenye watu wake.

Alikuwa na mtoto wa kiume, mtu wa makamo, aliyefiwa na mke miaka mingi, mkazi wa Houston, dereva wa lori la kwenda na kurudi Dallas. Kila Jumamosi alipita kumwona mama yake. Alibisha mlango, akaingia, akavuta kiti bila kukiburuza, akamlisha mama yake uji kijiko kwa kijiko. Akimaliza aliosha bakuli mwenyewe kwenye sinki na kulifuta. Hakumwangukia mtu. Aliniuliza kama nimekula, na nilipojibu sijala, Jumamosi iliyofuata alileta vyakula viwili. Nilimpenda. Sina haja ya kulizungusha jambo hili: nilimpenda, nikaanza kupiga pasi sare ya kazi ambayo mwaka mzima nilikuwa nikiivaa na makunyanzi yake.

Siku mama yake aliporuhusiwa kutoka, tulisimama kwenye maegesho, bibi ameshaketi garini. Mtu yule alinipa namba yake ya simu, eti nimpigie mama kumjulia hali. Kisha akatazama chini akaniuliza, "Kwenu hapa yuko mtu wa kuzungumza naye?"

Mtu yeyote aliyezaliwa pwani anaelewa swali hilo ni mlango wa posa. Ningemwambia nina kaka Unguja, chukua namba yake. Ningemwambia zungumza nami mwenyewe, mimi si mwari. Lakini mama yake alikuwa ananitazama kupitia kioo cha gari, na mama yake alijua nina mdogo wangu.

"Yuko mdogo wangu," nikasema. "Huwa anasali Ijumaa pale Arlington."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Sikumwambia mtu. Mwanamke hatangazi posa ambayo haijafika, maana isipofika atachekwa mpaka azeeke, na kwa mdomo wa yule mama wa Mombasa ningechekwa Dallas yote na nusu ya Houston. Hata yule mwanafunzi sikumwambia. Nilijua washenga wakimpa barua ataniletea, kazi ya kubeba barua kutoka msikitini mpaka nyumbani haihitaji cheti cha chuo. Nami ningeipeleka Unguja kwa kaka yangu wa kweli, na mambo yangekwenda.

Ijumaa ya kwanza mwanafunzi alirudi kutoka msikitini, akakohoa, akapiga hodi, akauliza kuna nini cha kula. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Ijumaa ya tatu nilimwuliza kwa mbali, "Msikitini hakuna jipya?" Akasema zulia limebadilishwa. Wiki zikaenda. Nilimpigia bibi mara moja kwa namba ya bintiye wa Plano, akanijibu kwa adabu ya baridi, nikaona basi, mtu amefikiri tena, ameona mtalaka wa miaka thelathini na sita si wa kupewa haraka. Sare nikaacha kuipiga pasi. Namba ya mtu yule ilikuwa kwenye simu yangu nami niliitazama kila nilipokunywa chai ya mapumziko. Sikuipiga. Nilisema moyoni kwamba aliyeuliza ni yeye, na wa kuja ni yeye.

Jumapili moja mchana nilikuwa nikifagia sebule. Mwanafunzi yuko jikoni. Nilisogeza mnara wa vitabu vyake vya katuni, kimoja kikaanguka, na ndani yake mlikuwa na bahasha nyeupe aliyoitumia kuwekea alama ukurasa. Ilinukia udi. Nilijua kabla ya kuifungua. Iliandikwa kwa mkono mzuri wa mzee, ikimsalimu kijana wetu na wazee wake wote, ikisema wamekuja kwa heshima kuomba kuunganishwa, ikilitaja jina langu. Tarehe yake ilikuwa ya wiki sita nyuma.

Nikamwita. Akakohoa.

"Ingia!" nikasema. "Leo usinikoholee. Hii ulipewa lini?"

Aliitazama bahasha, kisha zulia. "Ni wale wazee, dada, after Ijumaa. Walinipeleka kula biriani. Walikuwa so nice. Nikaona niki-refuse watajua mimi si bro wako."

"Sikukuuliza biriani. Mbona hukunipa?"

"Niliogopa." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ukiolewa uta-move Houston. Anti peke yake na huyu dada mwingine hawawezi ku-pay hii nyumba. Sasa mimi nita-go wapi? Nikasema nitakupa after finals."

"Finali zimepita wiki mbili."

"I know."

"Ulifaulu?"

Akatikisa kichwa.

Mkono uliniwasha, siwezi kusema uongo. Lakini yule asingeruka mpaka kwenye paa. Angekaa pale pale akilia, na Mrundi wetu angerudi kutoka kanisani amchemshie kitu. Nikamwangalia nikaelewa kitu nilichokuwa nimekaa nacho sehemu thelathini na moja nisikione. Mle kwenye katuni hakuna anayeamua. Mwanafunzi haamui, wasichana hawaamui, kila mmoja anasimama mlangoni na lake moyoni anangoja aulizwe, kwa kuwa siku mmoja wao akisema neno moja la maana, watu watafunga virago na kipindi kitakwisha. Nilikuwa nawadharau wale wasichana watano. Niliwadharau hasa.

Nilishuka nikaingia garini mwangu, nikafunga vioo, nikaipiga ile namba. Aliitikia upesi. Nikasikia lori likipunguza mwendo, akaniambia ningoje, anaegesha. Mtu wa namna hiyo, anaegesha kwanza.

Nikamweleza yote, tena kwa mpango. Yule si mdogo wangu, ni mpangaji. Nilisema ni ndugu kwa sababu ya midomo ya watu. Barua nimeiona leo, sasa hivi, ndani ya kitabu cha katuni. Nilikuwa nikijisikia nikisema na nikajichukia kwa kila neno, maana hata jambo zito kama lile lilitoka kama kichekesho.

Nikasikia akizima injini.

"Wazee walingoja," akasema. "Wakamwuliza yule kijana mara mbili, akawaambia mnafikiria. Kisha akaanza kuwakwepa. Mama akasema kimya ni jibu, tusiwasumbue watu."

"Hata kwetu kimya ni jibu."

"Wiki iliyopita mama amepeleka posa mahali pengine. Hapa hapa Houston. Wamekubali."

Nikamwambia hongera. Nilimaanisha, au nilijaribu kumaanisha. Nilimwuliza mama anaendeleaje na nyonga, akajibu anatembea kwa mkongojo, ananitaja. Tukafika pale ambapo watu huagana, na hakuna aliyeaga.

"Namba yangu si ninakupa siku ile?" akauliza. Alikosea maneno, nikajua naye hayuko sawa. "Nilikupa."

"Ninayo."

"Mbona hukunipigia?"

"Nilikuwa nakungoja," nikasema.

Akasema ana mzigo lazima aushushe kabla ya alasiri, na nikasikia akiliwasha lori.